Kula vibichi Mbeya kwenye baridi: maswali mnayoniuliza kila siku

Naulizwa kibandani, naulizwa kwenye daladala, ukweni naulizwa, mwaka jana nimeulizwa msibani kabisa na jeneza halijafika. Mi ni fundi cherehani hapa Mafiati, nina watoto wawili, siyo daktari wala siuzi kitu chochote cha kunywa. Niliishi miezi 16 bila kula kitu kilichopita motoni na bila nyama, yai wala maziwa, kwahiyo nimeandika yale niliyoyaona mwenyewe na niliyokuja kuyajua baadaye, ambayo kwakweli ningeyajua mapema ningepunguza safari za hospitali. Kama swali lako liko mbali chini shuka nalo tu, si lazima usome kwa mpangilio.

MWANZO MWANZO

Kula vibichi ndo kula nini hasa?

Ni vitu vya shambani tu, na visipikwe. Matunda, mboga, karanga, korosho, ufuta, mbegu za maboga, choroko zilizooteshwa. Kukausha juani ruksa, kusaga ruksa, blenda ruksa. Wenyewe wameweka mpaka wa joto, wengine wanasema nyuzi 42 wengine 48, ukipita hapo wanakwambia chakula kimekufa. Mi kipimajoto sikuwa nacho, nilikuwa natumia kidole, kikiunguza si changu.

Msichanganye na asiyekula nyama tu, maana huyo anaweza akawa anapiga mayai na maziwa mgando kama kawaida. Vegani ndo hagusi chochote cha mnyama, neno hilo walilitunga kina Donald Watson kule Uingereza mwaka 1944. Anayekula vibichi ni vegani aliyezima na jiko. Na wala siyo mambo ya juzi ya kwenye simu, kuna daktari wa Uswisi anaitwa Maximilian Bircher-Benner alikuwa anawalisha wagonjwa wake matunda na mboga mbichi zaidi ya miaka mia iliyopita.

Uliingiaje huko?

Polepole halafu ghafla. Nyama niliacha 2016, maziwa na mayai 2018, sababu kubwa ni tumbo, nilikuwa najaa gesi mpaka nashindwa kukaa kwenye mashine. Nikapata nafuu kidogo, nikaanza kuamini kila kinachopungua sahanini ni afya inaongezeka. Mwisho wa 2020 akaja mteja mmoja kushona gauni, anauza dawa lishe, akaniambia tatizo siyo unachokula tatizo ni moto. Alivyokuwa anaongea na ile ngozi yake inavyong'aa aisee, gauni lenyewe nilimshonea kwa punguzo. Januari 2021 nikampa jirani jiko langu la mkaa, la gesi nikabaki nalo kwa ajili ya mume na watoto.

Bado unaendelea?

Kavu kavu hapana. Niliacha Mei 2022. Sa hivi asubuhi na mchana nakula vibichi, jioni napika, Juni na Julai napika hata mchana. Sababu ziko kwenye maswali ya mwili huko chini.

Ni mambo ya kanisa?

Kwangu hapana, ingawa Wasabato wengi tunaishi nao hapa na wengi hawagusi nyama, ila hao wanapika vizuri tu msiwasingizie. Watu wakinibana huwa wananitolea Danieli, kwamba alikula majani siku kumi akanawiri kuliko wenzake. Fungueni Biblia yenu ya Kiswahili mlango wa kwanza, imeandikwa walipewa mtama. Sasa we nani umemwona anatafuna mtama mbichi.

SOKONI NA JIKONI

Kutwa nzima unakula nini?

Hili ndo namba moja. Asubuhi ndizi mbivu nne tano na papai. Saa nne karanga mbichi nilizoloweka usiku. Mchana beseni, naomba muelewe siyo sahani ni beseni, la kabichi, karoti, tango, nyanya na hoho, na parachichi zima nimeliponda na ndimu na kitunguu likawa ndo rojo la kuchanganyia. Jioni choroko zilizoota na parachichi lingine na embe kama zimepanda kutoka Kyela.

Kosa nililolifanya miezi ya mwanzo ni kushiba bila kula. Tango gramu mia lina kalori kama 15 hivi, parachichi gramu hizohizo lina 160, karanga zinapita 550. Mwanamke wa kazi za kawaida anahitaji kama 2000 kwa siku, ukisema uzitafute kwenye ndizi peke yake ni ndizi kumi na tisa, kila siku, mpaka Yesu arudi. Mi nilikuwa najaza tumbo majani, nasikia nimeshiba kabisa, saa tisa mchana mikono inatetemeka nashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Anayetaka kujaribu aanze na parachichi na karanga, majani ni nyongeza.

Siyo gharama?

Sisi watu wa nyanda za juu hatuna haki ya kulalamika. Parachichi la Rungwe na Njombe watu wanalipakia kwenye makontena linaenda Ulaya, sisi msimu ukikolea tunalikanyaga. Ndizi Tukuyu, matofaa na peasi Njombe na Makete, karoti na kabichi Uyole hapo, embe Kyela. Mkaa nilikuwa sinunui wa kwangu. Kinachoumiza ni korosho, inatoka mbali, na miezi ambayo parachichi limeadimika.

Muda ndo gharama yenyewe. Kuosha, kumenya, kukatakata, kuloweka, na kutafuna. Kutafuna kunachosha taya jamani hakuna anayekwambia.

Unaosha vipi mboga?

Hapa nitaongea sana maana ndo sehemu watu wanachukulia poa. Mwenzio anayepika mchicha akikosea kuosha moto unamsaidia. We uliyezima moto unaosha au unaumwa, hamna katikati.

Bustani nyingi za pembeni ya mji zinamwagiliwa maji ya mto, na mto unapita kwa watu. Taifodi na kipindupindu mnavijua. Kisichojulikana ni mnyoo wa tegu ya nguruwe. Huku kwetu tunafuga sana nguruwe na kitimoto tunakipenda, na watu wanaamini ukiacha kitimoto umemaliza, kumbe mayai ya mnyoo huo yanatoka kwenye choo cha binadamu mwenye tegu, yanaingia shambani, yanakuja kwenye kabichi. Ukiyameza mdudu anaweza kwenda kukaa kwenye ubongo ukaanza kuanguka kifafa. Yaani hujawahi kugusa kipande cha nguruwe maisha yako yote na ukapata. Mi niliposikia hilo nilikaa kimya siku nzima, mwaka mzima nilikuwa nakula kabichi niliyoisuuza mara moja kwenye beseni.

Sa hivi majani natenganisha moja moja, yale ya nje ya kabichi natupa, nasugua kwa mkono kila jani chini ya maji yanayotiririka, halafu nasuuza tena kwa maji yaliyochemshwa (ndiyo, nachemsha maji, aliyesema maji yakichemka yanakufa anywe ya mtoni). Dawa ya maji ya klorini inasaidia kwa bakteria ila mayai ya minyoo ni magumu, klorini haiyawezi, kwahiyo kusugua ndo dawa. Vinavyomenyeka namenya. Na kukiwa na kipindupindu mtaani hakuna kula majani mabichi, pika tu, hakuna atakayekudai.

Vitu gani havifai kabisa kuliwa vibichi?

Maharage. Naanza na maharage kwasababu yalinitoa roho. Nilikuwa naotesha choroko zinatoka vizuri, nikasema na haya mekundu ya kwetu si ni ndugu yake, nikaloweka siku mbili, yakachomoza vimkia, nikala kikombe. Hayakupita masaa matatu nikaanza kutapika, nikatapika mpaka nyongo, mume wangu anauliza umekula nini naona aibu kumwambia nimekula maharage mabichi kwa hiari yangu. Maharage hasa mekundu yana sumu inayokufa kwa kuchemka sawasawa angalau dakika kumi, kuloweka na kuotesha hakutoshi.

Mihogo na kisamvu vina sianidi, mihogo michungu ndo zaidi, kisamvu kinatwangwa na kupikwa muda mrefu siyo kwamba bibi zetu walikuwa hawana kazi. Magimbi mabichi yatakuwasha koo mpaka ulie. Viazi vilivyogeuka kijani hata vya kupika usile.

Karanga mbichi unaweza kula ila chambua moja moja, yenye ukungu, iliyosinyaa, chungu, tupa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haionekani vizuri kwa macho na hata ukipika haiishi, 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya kwenye mahindi. Nunua zilizokauka vizuri, usinunue za kwenye gunia lililonyeshewa kisa bei.

MWILI

Baridi la Mbeya ulikuwa unalivumiliaje?

Sikulivumilia. Mnaouliza mkiwa Dar hamuelewi, Mbeya mjini tuko juu kama mita 1700 hivi kutoka usawa wa bahari, Juni usiku unalala na sweta na soksi. Sasa weka mtu aliyekonda, asubuhi anafungua kinywa kwa papai lililolala dirishani. Meno yanauma. Nilikuwa naliweka papai kifuani ndani ya khanga lipate joto kwanza, mwanangu mdogo akafikiri nambeba mtoto.

Ujanja wa kidogo upo, tangawizi nyingi, pilipili, maji ya moto ya kunywa na ndimu, choroko unamwagia maji ya uvuguvugu. Ila ukweli mwili unatengeneza joto kwa kalori na mafuta uliyonayo, na mi vyote nilikuwa sina. Juni ile ya 2021 ndo nilianza kudanganya, nilikuwa nasogelea jiko wakati napikia watoto, nasema naangalia chumvi.

Ni kweli kupika kunaua enzaimu za kumeng'enya chakula?

Kunaua, ila zingekufa tu. Enzaimu ni protini, zikifika tumboni zinakutana na asidi kali zinavunjwavunjwa kama protini nyingine. Mwili una za kwake. Hii hoja nilikuwa nawahubiria wateja kwa ujasiri mkubwa, naomba mnisamehe.

Kuna vitu moto unapunguza kweli, vitamini C mojawapo. Na kuna vinavyoongezeka faida, nyanya ikipikwa ule wekundu wake wenye faida mwili unauchukua vizuri zaidi, karoti hivyohivyo. Karoti mbichi kula pamoja na parachichi, bila mafuta inapita tu.

Na protini?

Kwa karanga, ufuta, mbegu za maboga na choroko unaweza kufika, ila ukizembea hufiki. Mi nilikuwa nazembea.

Nimeanza wiki ya pili naumwa kichwa, nimechoka, naharisha, si ndo sumu zinatoka?

Inaweza kuwa umeacha chai ya rangi na sukari ghafla, kichwa kitauma siku kadhaa kiishe. Inaweza kuwa nyuzinyuzi nyingi kwa mpigo, gesi na kuharisha. Inaweza kuwa njaa. Inaweza kuwa taifodi (rudi kwenye swali la kuosha). Figo na ini ndo vinatoa sumu, vinafanya hiyo kazi hata ukila chipsi mayai.

Hili neno la sumu zinatoka ndo liliniponza. Kila nilichokuwa nampigia yule mteja wangu kumwambia, nywele zinakatika, sumu zinatoka. Kizunguzungu, sumu. Miezi minane baadaye nikamwambia sioni siku zangu, akanipongeza.

Kwani hedhi ilikata?

Ilikata Agosti 2021 ikarudi Julai 2022, na sina mimba wala nini. Nilianza na kilo 61 nikafika 48. Mama mkwe Tukuyu akasikia kwa wifi kwamba sipati siku zangu, akatuma kuku jogoo mkubwa na ndizi mkungu mzima, akijua mjukuu wa tatu yuko njiani. Yule jogoo nilimtazama siku tatu anatembea uani. Nikampigia simu mama, nikamwambia shikamoo mama, asante, ila hamna mtoto. Akanyamaza kidogo akasema, mwanangu, basi kama hamna mtoto kuna ugonjwa. Hakuwahi kusoma hata nesi lakini alijua kuliko mimi na simu yangu.

Hayo ya kuambiwa kwamba hedhi kukata ni usafi wa mwili ni uongo. Mwili ukiona chakula hakitoshi unafunga duka la uzazi kwanza. Wajerumani waliwapima watu zaidi ya 500 wa kula vibichi, wakatoa utafiti 1999, wanawake wa chini ya miaka 45 kama asilimia 30 hedhi ilikuwa imevurugika au imekata kabisa, na mwanamke mmoja katika wanne alikuwa na uzito wa chini kuliko inavyotakiwa. Hedhi ikikosa miezi mitatu na huna mimba nenda hospitali, usipige simu kwa muuza dawa lishe.

Habari ya ganzi miguuni ni ipi?

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Machi 2022 nikawa nakanyaga nasikia kama nimevaa soksi nene, natazama chini niko peku. Mshono unakwenda kombo kwasababu mguu haujui umekanyaga kiasi gani. Suti ya harusi ya mtu niliiharibu, nikainunulia kitambaa kingine kwa hela yangu. Baadaye na vidole vya mikono, ulimi ukawa mwekundu unauma.

Nimezunguka, kituo cha kwanza wakanipa dawa za malaria. Cha pili daktari kijana akauliza swali moja tu, nyama na maziwa umeacha lini? Nikamwambia. Vitamini B12 haipo kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemea, haijalishi umekula mbichi au umepika, mwili unatunza akiba kwenye ini inakaa miaka kadhaa, mi akiba yangu ilikuwa inaliwa tangu 2016 na 2018. Nilichomwa sindano nyingi, dawa yenyewe nyekundu kama juisi ya bitiruti. Mikono ilipona baada ya miezi, kidole gumba cha mguu wa kulia mpaka leo kina ganzi kidogo.

Na msiniambie udongo kwenye karoti una B12 nisioshe, someni tena swali la kuosha. Ukiacha vyote vya mnyama meza vidonge vya B12, maisha yako yote, siyo mpaka utakapojisikia vizuri.

Chumvi nayo mbaya?

Nyingi mbaya, kuacha kabisa usiache. Huku milimani udongo umeoshwa madini joto na mvua, ndo maana wazee wenye goita tumewaona sana Iringa na Mbeya, chumvi yenye madini joto ndo imetusaidia. Na kabichi mbichi nyingi kila siku inabana matumizi ya hayo madini shingoni. Mi nilikuwa na kabichi beseni na chumvi sifuri, nashukuru Mungu.

Sasa kuna faida yoyote uliyoipata?

Zipo na sizikatai. Soda niliacha mpaka leo sina hamu nayo. Choo kama saa ya ukutani. Gesi iliisha, japo sa hivi nafikiri ni kwasababu niliacha maziwa na mafuta ya maandazi kuliko kuacha moto. Ladha pia, nilijifunza ladha, tango lina utamu wake hamjui tu. Na watoto wanakula mboga bila fimbo.

WATU

Watoto uliwalisha hivyo?

Hapana. Mtoto tumbo lake dogo, hawezi kula beseni, atashiba majani kabla hajapata nguvu. Mjamzito na anayenyonyesha pia hapana, B12 ikikosekana mtoto ndo anaumia.

Ugenini ulikuwa unafanyaje?

Nilikuwa nakula kabla, napakua kachumbari na ndizi mbivu najifanya niko bize kuongea. Harusini inapita. Ukweni haipiti. Kwa Wanyakyusa ukikataa chakula umemkataa mwenye nyumba, nilisema ndaga fijo, yaani asante sana, mpaka mdomo ukachoka na sahani ipo palepale inapoa. Msibani nilikuwa naomba kazi ya kukatakata, aliyeko kwenye kisu hakuna anayemuuliza umekula.

Mtaani niliitwa mbuzi. Nilizoea, hata mume wangu alikuwa anabisha hodi anasema mee.

YA PEMBENI

Nina sukari au presha na natumia dawa, nianze?

Usianze kabla hujaongea na anayekuandikia dawa. Ukipunguza chakula ghafla na dozi ya sukari ni ileile sukari inaweza kushuka ukazimia. Na hakuna kuacha dawa yoyote kisa karoti, ya presha, ARV, TB, yoyote.

Asali?

Ya nyuki, nyuki ni mnyama, wenyewe wanakataa. Mi nilikula.

Ulanzi je?

Hahaa, hili limetoka Iringa nawajua. Kitaalamu mko sawa, ni pombe inayogemwa kwenye mwanzi, haukupikwa, haukuguswa na mnyama ukiacha wale nyuki wanaozama humo. Mvua zikianza mnagemewa mbichi kabisa, togwa lake tamu. Ila kuuita lishe, hapana.

Siku ya kurudi ulianza na nini?

Ilikuwa Tukuyu, mvua inanyesha, mama mkwe amepika mbalaga, zile ndizi za kupika, na maharage kwenye chungu. Hakunikaribisha wala hakunibembeleza, alipakua sahani akaiweka kwenye kigoda karibu yangu akaendelea kusuka mkeka wake. Nikachukua ndizi moja nikaitia mdomoni, nikaungua ulimi vibaya sana, nilishasahau kwamba chakula huwa kinapulizwa.